Wosia wa Nani? Historia ya Makumbusho Madogo ya London

Mgeni anayefika London na kuulizia makumbusho huelekezwa British Museum, na huko hukutana na foleni. Si mbali na foleni hiyo kuna kiwanja cha nyasi na miti mikubwa kiitwacho Lincoln's Inn Fields, ambako mawakili hukaa kwenye mabenchi mchana wakila mkate. Upande wa kaskazini wa kiwanja, nyumba namba 13 ni Sir John Soane's Museum. Upande wa kusini ni chuo cha madaktari wapasuaji, Royal College of Surgeons, na ndani yake kuna Hunterian Museum. Makumbusho yote mawili yalianzishwa na watu waliotoka nje ya London, wakapata jina mjini, kisha wakakusanya vitu mpaka nyumba zikawa ndogo. Kinachoyatenga ni jambo moja zito. Upande mmoja wa kiwanja, wosia wa marehemu umelindwa na sheria ya Bunge kwa karibu miaka 200. Upande wa pili, wosia wa marehemu ulikanyagwa kabla mwili haujafukiwa.

John Soane alizaliwa mwaka 1753, mtoto wa mwashi. Kazi ya baba yake ilikuwa kupanga matofali, yeye akaishia kuchora majengo ambayo waashi wengine waliyapanga. Mwaka 1788 aliteuliwa kuwa msanifu wa Bank of England, kazi aliyoishika kwa miaka 45. Mkewe, Eliza, alikuwa amelelewa na mjomba tajiri aliyekuwa mjenzi, na mjomba huyo alipofariki mwaka 1790 urithi wake uliwafungulia milango. Mwaka 1792 walinunua nyumba namba 12 kwenye kiwanja, wakaivunja na kuijenga upya. Baadaye Soane akanunua namba 13, kisha namba 14, na katika ardhi ya nyuma ya nyumba hizo akajenga vyumba vya kuhifadhia vitu.

Vitu hivyo vilikuwa vya kila namna: vichwa vya sanamu za Kirumi, vipande vya nguzo, vyungu, vitabu, michoro na mifano midogo ya majengo ya kale. Ukutani hapakubaki pa kuweka kiganja. Soane alikuwa fundi wa mwanga, hivyo alitoboa mapaa, akaweka vioo vya rangi ya manjano ili jua hafifu la London liingie likiwa na joto la Italia, na akapachika vioo vidogo vya mbinuko ili chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Chumba chake cha picha ni kidogo, lakini kimebeba picha zaidi ya 100, kwa sababu kuta zake ni milango. Mlinzi huivuta, na nyuma ya picha zinatokea picha nyingine. Humo ndimo zilimo picha nane za William Hogarth zinazosimulia kijana aliyerithi mali ya babake, akaitapanya kwa pombe, kamari na wanawake, akamalizia maisha katika hospitali ya wendawazimu.

Hadithi ya mwana mpotevu haikuwa pambo tu katika nyumba ile. Soane alitaka wanawe wawili, John na George, warithi kazi yake, na nyumba iwe shule yao. John alikuwa mgonjwa. George alichukia kazi ya babake, akakopa fedha asizoweza kulipa, akafungwa kwa madeni. Septemba 1815 gazeti moja lilichapisha makala zisizo na jina la mwandishi, zikidhihaki majengo ya Soane, na nyumba yake zikailinganisha na kaburi. Eliza aliitambua sauti ya mwanawe katika makala hizo. Alikuwa tayari mgonjwa, na Novemba mwaka huohuo akafariki. Soane alizitia makala zile katika fremu na kuzipa jina la mapigo ya kifo yaliyotolewa na George Soane, akazitundika. Hakumsamehe mwanawe tena. John, yule mgonjwa, alifariki mwaka 1823.

Mwaka uliofuata Soane alinunua kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mwaka 1817 Giovanni Belzoni, Mwitalia aliyewahi kujipatia riziki kwa kuonyesha nguvu zake jukwaani, alikuwa amefukua kaburi la Farao Seti wa Kwanza huko Misri na kukuta ndani yake jeneza la jiwe la alabasta, jembamba kiasi kwamba taa ikiwekwa ndani hung'aa kwa nje. British Museum iliombwa pauni 2,000, ikakataa. Soane akazilipa. Ilibidi ukuta wa nyuma ubomolewe ndipo jeneza liingie. Machi 1825 aliwasha taa nyumba nzima na kukaribisha watu wa mjini kwa usiku tatu wapite kulitazama katika chumba cha chini.

Hapo alikuwa mzee, mjane, tajiri, na mwanawe wa pekee aliyebaki ni mtu aliyemchukia. Wosia wa kawaida haukumtosha, kwani wosia huweza kupingwa mahakamani. Kwa hiyo mwaka 1833 alipata sheria maalumu ya Bunge iliyoamua kwamba akifa, nyumba na vitu vyote vitakuwa chini ya wadhamini, wananchi wataingia bure, na kila kitu kitatunzwa, kadiri iwezekanavyo, kama alivyokiacha. Soane alifariki Januari 1837. George aliupinga wosia mahakamani, akashindwa. Leo mtu hulipa chochote au halipi, na jeneza la Seti liko palepale.

Uzito wa sheria ile unaonekana zaidi ukitazama yaliyoyapata majengo ambayo Soane hakuyawekea ulinzi. Bank of England, kazi ya maisha yake, ilianza kubomolewa katika miaka ya 1920 ili benki ipanuliwe, ikabakia hasa ngome ya ukuta wa nje. Aliyepewa kazi ya kuijenga upya ni Herbert Baker, msanifu yuleyule ambaye mkono wake unaonekana Nairobi katika Ikulu na katika majengo ya Nairobi School, iliyoitwa wakati huo Prince of Wales School. Benki haikuwa na wosia. Nyumba ilikuwa nao, na ikapona.

Tuvuke kiwanja. John Hunter alizaliwa Scotland mwaka 1728 na kuja London akiwa na miaka 20 kumsaidia kaka yake, William, aliyekuwa akifundisha anatomia kwa kupasua maiti. Hakuwa msomi wa vitabu. Alijifunza kwa kisu na jicho, akapasua maelfu ya miili ya watu na wanyama, akawa daktari mpasuaji maarufu kuliko wote wa zama zake. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo Edward Jenner, ambaye baadaye alileta chanjo ya ndui. Hunter aliamini kwamba ugonjwa hauwezi kueleweka mpaka mwili mzima ueleweke, na mwili wa mtu hauwezi kueleweka mpaka ulinganishwe na wa chura, nyangumi na mbuni. Alipofariki mwaka 1793 aliacha vielelezo vipatavyo 14,000, vingi vikiwa ndani ya chupa za pombe kali, pamoja na madeni. Mwaka 1799 serikali iliununua mkusanyiko wote kwa pauni 15,000 na kuukabidhi kwa chama cha wapasuaji. Mabomu ya Mei 1941 yaliteketeza sehemu kubwa. Vilivyosalia vimepangwa leo katika makabati marefu ya vioo, chupa juu ya chupa.

Kitu kilichovuta watu kwa zaidi ya miaka 200 hakikuwa chupa. Kilikuwa mifupa ya kijana wa Ireland aliyeitwa Charles Byrne. Byrne alifika London mwaka 1782 akiwa na umri wa miaka 21, mrefu wa zaidi ya meta 2.3, akajipatia riziki kwa kuonyeshwa kwa watu kwa kiingilio. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anakufa, na alijua kwamba wapasuaji wanausubiri mwili wake. Kwa masikini wa zama zile kupasuliwa baada ya kifo ilikuwa aibu ya wauaji, kwa sababu maiti zilizotolewa kisheria kwa ajili ya masomo zilikuwa za watu walionyongwa. Byrne aliwaagiza rafiki zake wamtie katika jeneza la risasi na kumzika baharini, mahali ambapo hakuna koleo linalofika.

Rafiki zake walilichukua jeneza kuelekea pwani, lakini njiani mwili ulitolewa. Hunter alikuwa amemhonga mmoja wa waliopewa amana ile. Inasemekana alilipa pauni 500, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Aliuchemsha mwili usiku, akaificha mifupa kwa miaka kadhaa, kisha akaitoa hadharani. Joshua Reynolds alipomchora Hunter, pembeni juu ya picha aliingiza miguu miwili ya mifupa mirefu. Huyo ni Byrne.

Ilikuwa rahisi kusema kwamba sayansi ilifaidika, na kweli ilifaidika. Mwaka 1909 fuvu lilifunguliwa na daktari Harvey Cushing, akaona alama za uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Mwaka 2011 wanasayansi walitoa chembe za urithi kutoka katika meno yake, wakagundua kasoro ileile iliyomo katika familia zinazoishi leo upande wa kaskazini wa Ireland, na hivyo watu walio hatarini wanaweza kupimwa mapema. Lakini swali halikunyamaza: je, faida inayokuja baada ya karne mbili inahalalisha amana iliyovunjwa? Makumbusho yalifungwa kwa ukarabati mwaka 2017. Yalipofunguliwa Mei 2023 mifupa haikuwepo kabatini. Mahali pake imewekwa ile picha ya Reynolds. Chuo, hata hivyo, hakijaizika. Kinaitunza ghalani kwa ajili ya utafiti. Byrne ametimiziwa nusu ya wosia wake.

Kutoka hapo, mtu akitembea kuelekea kaskazini atafika Brunswick Square, penye Foundling Museum, makumbusho ya nyumba iliyopokea watoto waliotupwa. Mwanzilishi wa nyumba hiyo, Thomas Coram, alikuwa baharia tangu utotoni, akaunda meli Massachusetts, kisha akarudi London akiwa na akiba na ulimi mkali. Katika njia za mji alikuwa akikuta watoto wachanga waliotupwa, wengine hai, wengine wamekufa. Alizunguka miaka 17 akiomba ruhusa ya kujenga nyumba ya kuwapokea. Wakubwa walikataa, wakihofia kwamba nyumba hiyo itawatia watu moyo wa kuzaa nje ya ndoa. Mlango ulifunguka pale alipoacha kuwasihi mabwana na kuwaendea mabibi wa koo kubwa, ambao walitia saini ombi lake mmoja baada ya mwingine. Mfalme George wa Pili alitoa hati mwaka 1739, na watoto wa kwanza walipokewa Machi 1741.

Nafasi zilikuwa chache kuliko watoto. Ikabidi akina mama wapige kura: kila mmoja alitia mkono katika mfuko na kuchomoa mpira mdogo. Mweupe, mtoto anapokewa akikutwa mzima. Mwekundu, subiri. Mweusi, rudi naye. Mtoto aliyepokewa alibatizwa upya kwa jina jingine, na jina la mama halikuandikwa. Ili mama akipata nafuu aweze siku moja kumdai mwanawe, aliacha alama: sarafu iliyochongwa maneno, kifungo, pete, nusu ya kitu ambacho nusu yake ya pili aliondoka nayo, hata ganda la kokwa. Asiye na kitu, karani alikata kipande cha nguo ya mtoto na kukibana kwenye karatasi yake. Karatasi hizo zipo bado, na maelfu ya vipande vile vimewapa wanahistoria mkusanyiko mkubwa kuliko wowote nchini Uingereza wa vitambaa vilivyovaliwa na watu wa kawaida katika karne ya 18. Vitambaa vya matajiri hutunzwa na matajiri. Hivi vilitunzwa na uchungu.

Kila alama ilikuwa wosia wa mtu aliye hai: mtunzeni, nitarudi. Kati ya watoto 16,282 waliopokewa kutoka mwaka 1741 hadi 1760, waliorudiwa ni 152 tu. Wengi walikufa wachanga, hasa katika miaka minne kuanzia 1756, Bunge lilipotoa fedha kwa sharti kwamba kila mtoto apokewe, na karibu watoto 15,000 wakaletwa.

Nyumba ile ilihitaji fedha, na fedha zikaletwa na wasanii. Hogarth, ambaye hakuwa na mtoto wa kumzaa, alitoa picha kubwa ya Coram na kuwashawishi wachoraji wenzake watoe zao. Wenye nacho walikuja kutazama picha, wakawaona watoto, wakachangia. Mtunzi George Frideric Handel alipiga humo kazi yake mashuhuri, Messiah, kuanzia mwaka 1750 kwa ajili ya mfuko wa watoto. Coram mwenyewe hakuuona utamu wa matunda yake sana. Aligombana na wadhamini wenzake, akaondolewa katika uongozi, na alipofariki mwaka 1751 hakuwa na mali. Alizikwa katika kanisa la nyumba aliyoianzisha.

Katika miaka ya 1860 wadhamini walifanya jambo ambalo kwa macho yao lilikuwa jema. Walizitoa baadhi ya alama kutoka katika karatasi zake na kuzipanga kabatini wageni wazione. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Alama zilibaki, lakini haikujulikana tena ipi ilikuwa ya mtoto yupi. Watafiti wa siku hizi wamekuwa wakisoma maelezo ya makarani na kuzirudisha moja moja kwa watoto wake. Majengo ya zamani yalibomolewa baada ya watoto kuhamishiwa nje ya mji mwaka 1926, makumbusho ya sasa yakafunguliwa mwaka 2004, na mahali palipokuwa na nyumba ni uwanja wa michezo uitwao Coram's Fields. Mtu mzima haruhusiwi kuingia humo asipofuatana na mtoto.

Yapo pia makumbusho ambayo hayakuachwa na wosia wa mtu yeyote. Ng'ambo ya Mto Thames, mtaa wa Southwark, kanisa lililojengwa mwaka 1703 lilikuwa sehemu ya hospitali ya St Thomas'. Darini mwake mtengeneza dawa wa hospitali alianika mitishamba. Mwaka 1822 sehemu ya dari hiyo iligeuzwa ukumbi wa kupasulia wagonjwa wa kike, kwa kuwa ilipakana na wodi yao na dirisha la paa lilileta mwanga. Wagonjwa walikuwa masikini. Walitibiwa na madaktari wakubwa, na badala ya malipo walikubali kutazamwa na wanafunzi waliosimama kwenye ngazi za mbao pande tatu. Mpaka mwisho wa mwaka 1846, habari za etha zilipofika kutoka Marekani, hakukuwa na dawa ya usingizi. Mgonjwa alishikwa, akafungwa macho, na sifa ya mpasuaji ikawa kasi yake: mguu ulikatwa kwa dakika moja au mbili. Chini ya meza palikuwa na sanduku la vumbi la mbao la kunyonya damu, na msaidizi alilisogeza kwa mguu.

Mwaka 1862 reli ilihitaji ardhi, hospitali ikahama, na mlango wa darini ukazibwa. Hakuna aliyeamua kuutunza ukumbi ule. Ulisahauliwa tu, na kusahauliwa kukauokoa. Kumbi za namna hiyo katika hospitali nyingine zilibomolewa ili kupisha mpya, safi zaidi. Mwaka 1956 mtafiti Raymond Russell, akichunguza historia ya hospitali, alipanda ngazi hadi darini na kuukuta. Tangu 1962 ni makumbusho, na mgeni hupanda ngazi nyembamba za kuzunguka ambazo aliyezoea kuzitumia alikuwa mpiga kengele wa kanisa.

Mwisho ni Forest Hill, kusini mwa mji, alikokaa Frederick Horniman, mfanyabiashara wa chai aliyekusanya ndege, vinyago, ala za muziki na wadudu mpaka, inavyosimuliwa, mkewe akamwambia ama vitu vihame ama wao. Mwaka 1901 aliwapa watu wa London jengo jipya na bustani yake. Katikati ya ukumbi amekaa walrasi, mnyama wa bahari ya barafu, aliyejazwa na mafundi wa karne ya 19 ambao hawakuwahi kumwona akiwa hai. Hawakujua kwamba ngozi yake inapaswa kuwa na mikunjo, wakaendelea kujaza mpaka ikanyooka kama puto. Watoto humpenda hivyo hivyo, na hakuna anayefikiria kumrekebisha.

Vitu vingine humo havikuwa vya kuchekesha. Vilitoka mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, ambao jeshi la Uingereza liliuvamia, kuupora na kuuchoma mwaka 1897. Sheria ya mwaka 1963 inaizuia British Museum kutoa vitu vyake isipokuwa kwa sababu finyu, na wakubwa wake wameegemea sheria hiyo kila wanapoombwa. Horniman ni taasisi ya hisani isiyofungwa na sheria hiyo, kwa hiyo wadhamini wake walikuwa na njia nyingine: kuomba idhini kwa tume inayosimamia taasisi za hisani. Waliiomba, wakaipata, na Novemba 2022 walihamishia Nigeria umiliki wa vitu 72, baadhi vikakabidhiwa papo hapo.

Kwa hiyo sheria ya udhamini, kama ile iliyomwezesha Soane kuifunga nyumba yake isiguswe na mwanawe, huweza pia kufungua. Haikai upande wa marehemu wala wa walio hai. Hukaa upande wa yule ambaye wadhamini wamekubali kumsikiliza. Soane alikuwa na fedha na rafiki bungeni, akasikilizwa upesi. Watu wa Benin walingoja miaka 125. Byrne, ambaye alisema waziwazi alichotaka mbele ya mashahidi, bado anangoja, na chuo kinachoshikilia mifupa yake hakihitaji sheria mpya ili kuipeleka baharini. Kinahitaji wadhamini wake wakae kikao na kupiga kura.